Kuendesha kliniki ya kikundi kwa wanaoanza dawa za muda mrefu za baridi yabisi: hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila mara. Tuwaite wagonjwa wangapi? Nani azungumze? Tuwaeleze nini na tuache nini? Na siri ya mgonjwa itakuwaje mbele ya watu saba wengine? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata kazi yenyewe, kuanzia siku ya kupanga hadi simu ya wiki ya pili.

Umeandikwa kwa ajili yako wewe muuguzi, mfamasia au tabibu unayewafundisha watu wazima ambao daktari ameshawathibitishia kwamba wana baridi yabisi, au ugonjwa wa viungo ulio karibu nayo, na ameshawachagulia dawa ya kuuzuia ugonjwa usiendelee kula viungo: methotreksati, salfasalazini, haidroksiklorokwini au leflunomaidi. Kliniki ya kikundi haipangi dawa wala haibadilishi kipimo. Kazi yake ni moja: mgonjwa atoke akiweza kusema kwa mdomo wake anameza nini, vidonge vingapi, siku gani, na akiona nini aache dawa na kupiga simu. Ukitoa somo zuri, lakini yeye hawezi kuyasema hayo, bado hujafundisha.

Tusidanganyane kuhusu muda. Wagonjwa 8 wakielekezwa mmoja mmoja kwa dakika 30, ni saa 4 za mhudumu. Kikundi cha watu 8 kinataka dakika 90 za pamoja na dakika 40 za mazungumzo ya faragha, na wahudumu wawili wapo muda wote; ukijumlisha unapata saa 4 na dakika 20. Anayeanzisha kliniki hii kwa ajili ya kuokoa muda tu atakata tamaa mapema. Faida yake iko kwingine: mgonjwa mmoja huuliza swali ambalo wengine saba wangeliogopa kuliuliza, na wote wanaondoka na jibu.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Wahudumu wawili. Mmoja ni mwezeshaji anayeongoza mazungumzo. Wa pili hukaa nyuma ya duara: anaandika majina, anatazama nani amenyamaza, anamsaidia asiyejua kusoma, na anapokea anayechelewa bila kuvunja mazungumzo. Awe naye anaijua dawa, kwa sababu mwishoni mtagawana wagonjwa.

Chumba cha chini kisicho na ngazi, choo kikiwa karibu. Viti viwe vya kimo cha kawaida na viwe na mikono ya kushikia. Kiti cha chini kisicho na mikono ni adhabu kwa mtu mwenye magoti na viganja vilivyovimba. Atakaa dakika 90 akiwaza atainukaje badala ya kukusikiliza.

Vifaa:

- Bango kitita na kalamu nene, maandishi makubwa
- Boksi tupu za dawa yenyewe na za asidi ya foliki (vitamini inayopunguza madhara ya methotreksati), zile zile zinazotolewa na duka la dawa la kituo chenu
- Vifungo vidogo vya shati, visivyozidi ukubwa wa kidonge, kama 10 kwa kila mgonjwa
- Kalenda ya wiki 4 iliyochapishwa, nakala moja kwa kila mtu
- Daftari au kadi ya kufuatilia vipimo vya damu
- Fomu za maabara zilizojazwa kabisa, zenye tarehe
- Kadi ya dalili za hatari yenye namba ya simu inayopokelewa kweli
- Saa ya ukutani

Usilete vidonge halisi vya methotreksati vipite mikononi mwa watu. Ni dawa ambayo mwanamke mjamzito hapaswi kushika vumbi lake, na huwezi kujua nani katika chumba ana mimba changa. Vifungo vinatosha.

Mwisho, majalada. Kabla jina la mtu halijaingia kwenye orodha, hakikisha vipimo vya awali vimerudi: picha kamili ya damu, figo, ini pamoja na albumini, homa ya ini aina ya B na C, VVU, uchunguzi wa kifua kikuu na picha ya kifua. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, kipimo cha ujauzito. Kwa atakayetumia leflunomaidi, shinikizo la damu na uzito. Mgonjwa asiye na majibu haya asiitwe. Atasikia somo zima, ataenda nyumbani bila dawa, na atakapoipata wiki tatu baadaye atakuwa ameshasahau.

Hatua za kazi (mfano ni methotreksati; yanayobadilika kwa dawa nyingine yako baada ya hatua ya 12)

1. Panga kikundi kwa dawa. Watu 6 hadi 8, wote wanaoanza dawa moja. Kila mmoja aruhusiwe kuja na mtu mmoja wa nyumbani. Kosa linalofanyika sana ni kuwachanganya wa methotreksati na wa salfasalazini kwa sababu tu wamepangiwa wiki moja. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki na salfasalazini kila siku. Ukiyasema yote mawili katika chumba kimoja, umeshapanda kosa. Wakipatikana watu wawili tu wa dawa fulani, waelekeze mmoja mmoja.

2. Wapigie simu siku 3 hadi 5 kabla. Waambie walete miwani yao, mtu wa kuwasindikiza, na mfuko wenye dawa zote wanazotumia, za hospitali na za kienyeji, hata zile wanazodhani hazihusiki. Panga kuanza saa nne asubuhi au baadaye. Mwenye baridi yabisi huamka viungo vimekakamaa kwa saa nzima au zaidi. Ukimwita saa mbili atafika amechoka au hatafika.

3. Panga viti kwa nusu duara. Meza ndogo iwe mbele ya kila wawili kwa ajili ya zoezi la vifungo. Mwezeshaji naye akae. Ukisimama mbele ya bango kama mwalimu wa darasa, watanyamaza kama wanafunzi.

4. Fungua kwa makubaliano ya siri (dakika 10). Salimia, waache wajitambulishe kwa jina wanalopenda kuitwa, kisha sema wazi: yanayosemwa humu na mwenzako hayatoki, na hakuna anayelazimika kutaja jambo lake binafsi. Waombe wakubali kwa sauti, wasindikizaji wakiwemo. Waeleze pia kwamba kila mmoja atapata dakika 10 za faragha mwishoni. Kauli hiyo ya mwisho ndiyo inayowatuliza wengi, hasa kina mama wenye maswali ya uzazi. Na waambie wasimame kujinyoosha wakati wowote.

5. Anza na hofu zao (dakika 15). Kabla hujasema lolote kuhusu dawa, uliza: "Mmesikia nini kuhusu dawa hii?" Andika kila jibu kwenye bango bila kubishana nalo. Yatakuja yale yale, na ni vizuri uwe na majibu mafupi tayari.

Kwa kikundi cha methotreksati, la kwanza huwa: hii si dawa ya saratani? Jibu kweli. Ndiyo, hutumika kutibu baadhi ya saratani, lakini huko kipimo huweza kuhesabiwa kwa mamia ya miligramu au hata gramu. Kwa viungo ni miligramu 7.5 hadi 25 kwa wiki. Ukikana, atalisoma kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi jioni hiyo hiyo na hatakuamini tena.

La pili: nitameza maisha yangu yote? Wengi hutumia kwa miaka. Ugonjwa ukitulia kwa muda mrefu daktari anaweza kupunguza kipimo, lakini anayeacha mwenyewe kwa sababu amepona maumivu mara nyingi huurudisha ugonjwa. La tatu ni la nywele. Zinaweza kupungua, kwa kawaida kidogo, na huota tena kipimo kikipunguzwa au dawa ikiachwa.

6. Eleza kazi ya dawa (dakika 10, usizidishe). Kinga ya mwili imewageukia wenye nyumba na kushambulia utando wa viungo. Dawa inaipunguza makali. Hii si dawa ya maumivu, kwa hiyo usitegemee nafuu kesho. Methotreksati huanza kuonekana kati ya wiki 6 na 12. Andika "WIKI 6 HADI 12" kwa herufi kubwa na uiache ukutani. Wanaoacha dawa wiki ya tatu kwa kusema "haifanyi kazi" ni wale ambao hawakuambiwa namba hii, au waliambiwa mara moja kwa haraka.

Kama daktari amewapa prednisoloni ya kuwavusha kipindi hicho, sisitiza kwamba haiachwi ghafla. Hupunguzwa taratibu kwa maelekezo.

7. Zoezi la siku na vidonge (dakika 20). Hapa ndipo kliniki nzima ilipo. Kosa linaloua kwa methotreksati ni kumezwa kila siku badala ya mara moja kwa wiki, na lugha yetu ya dawa inalisaidia kosa hilo. Mtu amezoea kusikia "kutwa mara tatu", "kutwa mara moja", maisha yake yote. Akiona "1 x 1" kwenye boksi, kwake ni kila siku. Fanya hivi:

a) Kila mgonjwa achague siku moja, na aitaje kwa sauti. Majina ya siku tano yanaanza na "Juma", na kwenye boksi hufupishwa kuwa J3, J4, J5. Mgonjwa aliyeandikiwa "J4" anaweza kusoma vidonge vinne. Tunapendelea Alhamisi au Ijumaa, kwa kuwa hazifanani na siku nyingine wala zenyewe kwa zenyewe. Vyovyote atakavyochagua, jina la siku liandikwe lote kwenye boksi, kwa herufi kubwa, pamoja na maneno "MARA MOJA KWA WIKI".

b) Achague siku nyingine ya asidi ya foliki, kwa mfano Jumapili. Wengi hupewa miligramu 5 mara moja kwa wiki, siku tofauti na methotreksati. Wapo wanaopewa kipimo kidogo zaidi kwa ratiba nyingine, basi fuata cheti cha kila mmoja. Waonyeshe boksi zote mbili kwa pamoja. Mara nyingi vidonge vyote viwili ni vidogo na vya njano, na hapo ndipo vinapochanganywa.

c) Hesabu vifungo. Kituo kitoe kidonge cha nguvu moja tu, cha miligramu 2.5. Kwa hiyo miligramu 7.5 ni vidonge 3, miligramu 10 ni vidonge 4, miligramu 15 ni vidonge 6, miligramu 20 ni vidonge 8. Kila mmoja ahesabu vifungo vya dozi yake mwenyewe na kuviweka juu ya siku yake kwenye kalenda. Mweleze kwa nini: kuna pia kidonge cha miligramu 10, na aliyezoea kumeza vidonge 6 akipewa hicho mahali pengine atameza miligramu 60. Vidonge vikibadilika sura, asimeze kabla hajauliza.

d) Tazama vidole. Anayeshindwa kuokota kifungo hatafungua chupa yenye kifuniko kigumu wala kukihesabu kidonge. Mwandikie apewe chupa inayofunguka kirahisi, na mfunze msindikizaji wake kuhesabu, mikono ioshwe baada ya hapo. Asiwe mjamzito.

Kisha yanayofuata kwa ufupi. Vidonge vimezwe vizima kwa maji, visisagwe. Akisahau, anaweza kumeza ndani ya siku 2. Zikipita, aiache hadi siku yake ya wiki ijayo, na asimeze dozi mbili kufidia.

Onyo: usitoe zaidi ya dawa ya wiki 4 mwanzoni. Mwenye dozi ya vidonge 6 apewe vidonge 24. Akimeza kila siku, vitaisha siku ya nne na atarudi kuomba vingine. Mwambie mfamasia kwamba mgonjwa wa methotreksati anayerudi mapema hapewi dawa. Anaulizwa kwanza amemezaje.

8. Dalili za hatari (dakika 15). Usisome orodha ya madhara yote yaliyomo kwenye karatasi ya dawa. Gawa mafungu mawili.

Yanayosumbua na yanaweza kusubiri hadi siku ya kliniki: kichefuchefu siku ya dawa na kesho yake, uchovu, nywele kupungua kidogo. Kumeza dawa usiku baada ya chakula husaidia.

Yanayotaka kuacha dawa na kupiga simu siku hiyo hiyo: homa au koo kuuma sana, vidonda mdomoni, damu kuvilia chini ya ngozi bila kugongwa, au fizi kutoa damu, kikohozi kikavu kipya pamoja na kukosa pumzi, macho kuwa ya njano, vipele vya mwili mzima, kutapika au kuharisha kusikokoma. Hilo la mwisho watu hulidharau, kwa hiyo lieleze: mwili ukikauka maji, figo hushindwa kuitoa methotreksati, nayo hujikusanya kwenye damu.

Ongeza mawili. Aliyekaa karibu na mgonjwa wa tetekuwanga na hajawahi kuugua, au aliyetokwa na mkanda wa jeshi, apige simu. Na kabla ya kuchoma chanjo yoyote aseme anatumia dawa hii, kwa kuwa chanjo zenye vijidudu hai, kama ya homa ya manjano, huenda zisimfae. Chanjo ya mafua ya sindano na ya nimonia zinafaa, na ni bora zaidi zikitolewa kabla dawa haijaanza.

Onyo kubwa la dawa: trimethoprimu na kotrimoksazoli hazichanganywi na methotreksati. Zote zinagusa njia ile ile ambayo mwili hutumia foleti, yaani vitamini ya aina ya asidi ya foliki, na zikikutana zinaweza kuzima uboho unaotengeneza damu. Kotrimoksazoli ni antibiotiki ya kawaida sana, na watu huinunua wenyewe au huipewa na mhudumu asiyejua. Andika jina lake kwenye kadi ya mgonjwa kwa wino mwekundu, kama linavyoandikwa kwenye boksi, ili amwonyeshe yeyote anayetaka kumwandikia antibiotiki. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki daktari anaweza kuziruhusu, lakini asijiongezee mwenyewe.

9. Vipimo vya damu (dakika 10). Ratiba inayotumika sana: kila wiki 2 hadi kipimo cha dawa kikae bila kubadilika kwa wiki 6, kisha kila mwezi kwa miezi 3, halafu angalau kila wiki 12. Hupimwa picha kamili ya damu, figo na ini. Kipimo cha dawa kikipandishwa, hesabu ya kila wiki 2 inaanza upya. Kama kituo chenu kina ratiba yake, fuateni hiyo, lakini iwe moja kwa wahudumu wote. Mgonjwa aandike mwenyewe tarehe ya kwanza kwenye daftari na ashike fomu ya maabara mkononi kabla hajatoka. Fomu ya "utakuja kuichukua" haichukuliwi.

Waeleze sababu kwa sentensi moja: ini na damu huweza kuharibika kimya kimya kabla ya dalili yoyote.

10. Waache wao waseme (dakika 10). Usiulize "mmeelewa?" Wote wataitikia ndiyo, kwa adabu. Uliza hivi: "Mama, ukifika nyumbani jirani akakuuliza dawa hii inamezwaje, utamjibu nini?" Kila mmoja ataje mambo manne: vidonge vingapi, siku gani, dalili tatu za hatari, tarehe ya damu. Akikosea, mzigo ni wako: "Sikueleza vizuri, ngoja nirudie." Mwenzake akimsahihisha kwa upole, mwache, watu hukumbuka zaidi walichoambiwa na mgonjwa mwenzao.

Mhudumu wa pili aandike nani alikosea nini. Hao waonwe kwanza.

11. Faragha, dakika 10 kwa kila mmoja. Wahudumu wawili, vyumba viwili, bila msindikizaji kwa dakika chache za mwanzo. Hapa ndipo mnapozungumza yasiyosemwa mbele za watu.

Uzazi: methotreksati na leflunomaidi huharibu mimba. Muulize kila mwanamke wa umri wa kuzaa, akiwa na mume au la, anatumia njia gani ya uzazi wa mpango na anatarajia mtoto lini. Anayetaka kushika mimba amwone daktari kwanza, kwa sababu dawa huachwa mapema na hubadilishwa. Asinyonyeshe wakati anatumia methotreksati. Mwanaume anayetaka mtoto naye aulize kabla.

Pombe: uliza kiasi halisi kwa wiki, kwa utulivu. Usiseme "kidogo si mbaya", maana kidogo ya kila mtu ina ukubwa wake. Methotreksati na pombe hukutana kwenye ini. Kuacha kabisa ndiyo njia salama zaidi, na anayeshindwa apangiwe kikomo cha wazi na daktari.

Kisha fungua mfuko wa dawa alizoleta, pamoja na za kienyeji. Ukimkaripia kwa mizizi aliyoileta, mara nyingine ataificha. Mweleze kwamba tukiona ini limevurugika hatutajua mkosaji ni nani kati ya hizo mbili, na umwombe aisimamishe.

Malizia kwa ridhaa, saini, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani.

12. Simu ya siku ya 10 hadi 14. Usiulize "unaendeleaje?" Uliza: "Mara ya mwisho umemeza siku gani? Vingapi? Naomba uhesabu vilivyobaki." Aliyepewa 24 na kumeza dozi mbili za vidonge 6 lazima awe na 12. Ikiwa ana pungufu, kosa limeshatokea na umeliona mapema. Muulize pia kama damu imechukuliwa.

Dawa nyingine: yanayobadilika

Hatua ni zile zile. Badilisha hatua ya 7, ya 8 na ya 9.

Salfasalazini huanza miligramu 500 kwa siku na kuongezwa miligramu 500 kila wiki hadi gramu 2 au 3 kwa siku. Zoezi la kalenda hapa ni la ngazi: wiki ya kwanza kidonge 1, ya pili 2, na kuendelea. Mkojo unaweza kuwa wa rangi ya chungwa, na lenzi za machoni zikapata doa, asishtuke. Mwenye mzio wa dawa za salfa haimezi. Hupunguza mbegu za kiume kwa muda, na hurudi dawa ikiachwa.

Haidroksiklorokwini ni nyepesi kufundisha. Kipimo hakizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na cha kusimamia ni macho: uchunguzi wa kila mwaka kuanzia mwaka wa 5, mapema zaidi kwa mwenye figo dhaifu. Nafuu yake huweza kuchukua miezi 3 hadi 6.

Leflunomaidi huweza kupandisha shinikizo la damu, na kuharisha ni jambo la kawaida. Hukaa mwilini muda mrefu mno, hata miaka 2. Mwanamke anayetaka mtoto haitoshi aache tu. Dawa huondolewa mwilini kwa kolestiramini, gramu 8 mara tatu kwa siku kwa siku 11, na damu kupimwa. Hili lisemwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Mambo yakienda kombo

*Mgonjwa amemeza methotreksati kila siku.* Usisubiri dalili. Apelekwe dharura siku hiyo hiyo na boksi lake. Kuna dawa ya kupunguza sumu, asidi ya foliniki, na thamani yake hushuka kila saa inayopita. Asidi ya foliki ya kawaida haishiki nafasi yake.

*Mmoja anazungumza kuliko wote.* Mshukuru, kisha mgeukie mtu kwa jina: "Na wewe bibi, kwako ilikuwaje?" Akiendelea, mhudumu wa pili akae karibu naye.

*Mtu anasimulia jirani aliyekufa kwa dawa hii.* Usimkatize wala usimkatalie. Uliza kama alikuwa akimeza kila siku, na kama alikuwa akipimwa damu. Kikundi chenyewe kitaliona jibu. Asipojua, rudi kwenye hatua ya 9.

*Kimya kizima.* Pitisha karatasi ndogo, kila mmoja aandike swali bila jina. Asiyejua kuandika amnong'oneze mhudumu wa pili. Changanya, soma moja moja.

*Mume au mtoto anamjibia mgonjwa.* Mpe msindikizaji kazi: ahesabu vifungo vya wiki ya pili. Kisha rudisha swali kwa mwenye ugonjwa.

*Kichefuchefu kinamfanya aruke wiki.* Mrudishe kwa daktari kabla hajaacha. Asidi ya foliki inaweza kuongezwa, au dawa ikatolewa kwa sindano ya chini ya ngozi, ambayo wengi huivumilia vizuri zaidi.

*Amepewa antibiotiki kwa maambukizi.* Asimamishe methotreksati na kupiga simu. Hurudi kuimeza akishapona na kumaliza antibiotiki. Kama ni kotrimoksazoli na ameshaimeza, achukuliwe damu siku hiyo.

*Majibu ya damu hayajafika na dawa imeisha.* Usiongeze wiki 4 kwa huruma. Mchukue damu leo, na daktari aamue. Mtu akikosa dozi moja ya wiki, viungo vitauma. Akimeza huku chembe nyeupe zimeshuka, anaweza kupoteza maisha.

*Anachelewa dakika 30 au zaidi.* Mhudumu wa pili ampokee, akae asikilize, lakini asitoke na dawa hadi afanye zoezi la vifungo peke yake na ataje yale mambo manne.